Mtoni hakulaliki

"Mtoni hakulaliki, mama. Mto ni wa kupita."

Mjomba alisema hivyo bila kuinua macho kwenye wavu aliokuwa akiuziba matundu, kwa sauti ya mtu anayekujulisha kwamba duka limefungwa. Nilikuwa nimetoka Kigoma mjini asubuhi ile kwa Noah, nimebanwa kati ya gunia la vitunguu na mama mmoja mwenye kuku wawili, nimekuja mpaka Ilagala, kijijini kwa Mjomba kando ya Mto Malagarasi, na daftari langu la mpango wa kulala mtoni ndani ya mkoba. Kurasa sita. Saa ya kuondoka, lita za petroli, idadi ya mayai, vyote nilikuwa nimeviandika. Sikuwa hata nimelifungua.

Nianzie mbali kidogo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Nilikwenda Ilagala kumsalimia Mjomba, nikakuta boti yake ndogo ya mbao imepinduliwa chini ya mwembe na kuku wamelala juu yake. Mwenyewe alikuwa amekaa barazani na redio. Mvuvi wa dagaa asiye na kazi ni kitu cha kusikitisha kukitazama. Alikuwa amekwisha kurekebisha mlango, choo, banda la mbuzi, na sasa alikuwa anatafuta cha kuvunja ili akirekebishe.

Siku hizohizo, usiku nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, nilikuwa nimepata ugonjwa wa kutazama video za Waingereza wanaolala kwenye viboti. Mtu mmoja, boti ya mita nne au tano, turubai, jiko dogo la gesi, birika. Anaingia kwenye mkono wa bahari uliojificha, anasubiri maji yakupwe mpaka boti inakaa juu ya tope, anapika chai, analala. Alfajiri maji yanajaa, boti inaelea, anaondoka. Hakuna kinachotokea. Nusu saa nzima unatazama na hakuna kinachotokea! Mimi nina duka la steshenari, watoto watatu na simu mbili. Kutotokewa na kitu kwa usiku mmoja nilikuona ni anasa kuliko hoteli yoyote.

Nikatazama ile boti chini ya mwembe. Nikawaza: mto tunao.

Kuchagua mto kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Luiche uko karibu na mjini lakini ni mashamba ya mpunga na watu, kulala pale ni sawa na kulala uani kwa jirani. Mdogo wangu anafanya kazi Tabora, akanipigia debe la Ugalla. Ugalla ni mzuri, sikatai, ila tangu 2019 sehemu yake kubwa ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo unaingia kwa vibali na ada. Na kiangazi mto wenyewe unakatikakatika na kubaki mabwawa, viboko na mamba wote wakiwa wamejibana humo. Ukienda na boti utakuwa unaiburuza kutoka dimbwi la viboko hadi dimbwi la viboko. Kisha kuna Malagarasi ya juu, upande wa Nguruka na mabwawa yake, ile ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi iliyoingizwa mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani. Hekta milioni 3.25. Nchi nzima ya Burundi inaingia humo na nafasi inabaki. Huko kuna korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, na nzohe, swala wa kwenye mabwawa, na ningependa kuwaona kabla sijafa, lakini mahali pakubwa kuliko nchi hapafai kujifunzia kulala nje.

Ikabaki Malagarasi ya chini, huku Ilagala, mto niliouvuka kwa pantoni tangu utotoni nikienda kwa bibi. Mara zote nimeuvuka. Sijawahi kuufuata.

Na mto huu una mambo. Urefu wake ni kama kilomita 475. Unaanzia kule mpakani na Burundi, halafu badala ya kushuka moja kwa moja ziwani unaligeuzia ziwa mgongo, unazunguka mashariki na kusini, unapokea Moyowosi, unapokea Ugalla, ndipo unakumbuka nyumbani na kurudi magharibi kupita Uvinza. Wataalamu wanasema ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: kabla bonde la ufa halijafunguka ulikuwa unatiririka kuelekea Kongo, na mpaka leo ndani yake wamo samaki ambao ndugu zao wako Mto Kongo, ziwani hawapo. Nilimweleza Mjomba haya nikidhani nitamlainisha.

"Ndiyo maana una kiburi," akasema, akakata uzi kwa meno.

Basi nikafungua daftari. Ukurasa wa tatu nilikuwa nimechora mahali petu pa kulala: fungu la mchanga kwenye kona, hema, moto, boti imevutwa nusu nchi kavu. Nilikuwa nimetia hata nyota. Mjomba alivaa miwani, akalitazama lile fungu la mchanga kwa muda.

"Hapa umechora kitanda cha mamba," akasema.

Halafu akaanza kunifundisha, na ningependa kusema nilinyamaza nikasikiliza, lakini nilibishana karibu kila sentensi. Mamba anapenda mchanga wenye mteremko mdogo, anapanda kuota jua. Kiboko naye mchana yuko majini, usiku anatoka kula majani, anaweza kwenda mbali, na kabla ya kupambazuka anarudi kwa njia yake ileile ya kila siku. Njia hiyo inachimbika kama mfereji ukingoni. Ukipiga hema au kufunga boti mdomoni mwa njia hiyo umelala barabarani, na anayekuja hana breki. Mahali pa kulala ni penye ukingo wa juu, wima, ambapo mnyama hawezi kupanda.

"Basi tulale ndani ya boti, katikati ya mto, tumetia nanga."

"Katikati ya mto ndiko nyumbani kwake."

"Mbona wavuvi wanalala mtoni?"

"Wavuvi wanalala kambini. Kambi ni watu." Akavua miwani. "Mama, mtu anayelala kwenye matete peke yake ni wa aina tatu. Mwizi wa nyavu, mtu anayekimbia, au maiti. Sasa wewe nikakutambulishe kama yupi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa hatuzungumzii kiboko. Mimi nilitaka upweke, na upweke kwangu ulikuwa na maana ya kutojulikana nilipo. Kwa Mjomba kutojulikana ulipo ni kosa, tena kosa la adabu. Na ukiifikiria Kigoma ilivyo, mkoa wa mpakani, wakimbizi wanaingia na kutoka miaka nenda rudi, boti isiyo na taa iliyojificha kwenye mafunjo usiku haitaitwa utalii na mtu yeyote mwenye akili. Wataita mgambo.

Yule Mwingereza wa kwenye video anaweza kulala popote kwa sababu boti ya aina yake imekwisha kujulikana. Watu wakiiona wanasema ni wale wenda wazimu wa viboti. Sisi hatujawa na jina hilo bado.

Nilipokuwa shule tulifundishwa kwamba Burton na Speke walivuka mto huu mwaka 1858 wakienda Ujiji, na Stanley akavuka mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Tulichofundishwa kwa haraka ni kwamba wote walilipa. Hakuna aliyevuka Malagarasi bila kukaa chini na wakuu wa Uvinza, kuhesabiana vitambaa na shanga, wakati mwingine kwa siku nzima, na Stanley ameandika malalamiko mengi kuhusu hilo. Malipo yale yaliitwa hongo. Siku hizi neno limeharibika, ukilitamka watu wanafikiria TAKUKURU, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, ulilipwa mchana kweupe. Na wakati Stanley anavusha wanyama wake, mamba alimkamata punda mmoja shingoni akaenda naye. Punda huyo alikuwa anaitwa Simba. Nimewasimulia wanangu habari hii mara nyingi na kila mara wanauliza jambo moja tu, kama punda alipiga kelele.

Kwa hiyo mto una wenyewe, tangu zamani, wa majini na wa nchi kavu. Kurasa zangu sita hazikuwa na jina la hata mmoja wao.

Wiki mbili baadaye nilirudi na mdogo wangu kwa safari ya majaribio, ya mchana tu. Ushauri wangu kwa yeyote anayefikiria kulala mtoni: nenda kwanza urudi siku hiyohiyo. Mpango wa mezani unaoza haraka sana ukilowa.

Jambo la kwanza tulilopima ni kasi ya maji. Tulipima mita 20 ukingoni kwa futi ya fundi seremala, nikatupa kipande cha bua la mhindi juu, mdogo wangu akashika saa ya simu. Sekunde 25. Tukarudia: 24, 26, 25. Hiyo ni karibu kilomita 3 kwa saa. Boti ya Mjomba, kwa mashine yake ndogo ya nguvu za farasi 8 na mwendo wa kutoitesa, inakwenda kama kilomita 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia. Kupanda tunabakiwa na 7, kushuka tunapata 13. Mahali Mjomba alipopakubali ni kilomita 14 juu ya mwalo wa boti kwa mujibu wa simu, na simu inafuata kona zote. Saa mbili kupanda, saa moja na dakika chache kushuka.

Mashine inakunywa kama lita 3 kwa saa. Lita 10 zingetosha. Tutabeba dumu zima la lita 20 lililochanganywa na oili mililita 400, maana mashine hizi za zamani zinakunywa petroli na oili pamoja, moja kwa hamsini, na ukisahau oili hutaisahau tena maishani. Nusu ya dumu ni ya safari, nusu ya kukataa aibu.

Mdogo wangu alitaka tushuke badala ya kupanda, twende upande wa mdomo wa mto tukaone ndege. Nilikataa, na hapa kwa mara ya kwanza Mjomba alikuwa upande wangu. Ukipanda kwanza, mashine ikifa mto wenyewe unakurudisha: kilomita 14 kwa kasi ya bua la mhindi ni chini ya saa tano, makasia ni ya kuongoza tu. Ukishuka kwanza, siku ya kurudi, ukiwa umechoka na petroli imepungua, ndiyo unapigana na maji. Na huko mdomoni kiangazi upepo wa kusini ukiamka ziwani mawimbi yanaingia mpaka ndani. Boti ya mita tano haina mazungumzo na Ziwa Tanganyika.

Viboko tuliwaona watano, kwenye kona yenye kina. Mjomba alipunguza mashine, akagonga ubavu wa boti kwa kasia, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi. Wakainua vichwa mmoja mmoja, tukajua wako wapi, tukapita upande wa maji mafupi tukiwaachia kina chao. Usimkate kiboko na kina chake, alisema, ndiko anakokimbilia akiogopa na akikukuta njiani atakupita ukiwemo. Mdogo wangu, ambaye tangu Tabora alikuwa anazungumzia picha atakazopiga, hakutoa simu mfukoni.

Simu, kwa taarifa yako, ilishika mpaka kona ya pili. Baada ya hapo ilibaki kuwa saa na tochi.

Tarehe haikuchaguliwa na mimi wala likizo ya watoto. Ilichaguliwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi gizani. Taa ndizo zinazowavuta dagaa, zamani karabai, sasa za sola, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wanapumzika, wanashona nyavu, wanaoa. Ndizo siku pekee ambazo Mjomba ana nafasi, na bahati nzuri ndizo ninazozitaka mimi, kwa sababu mwezi mpevu unachomoza jua likizama na usiku kucha unaona ukingo. Tukasema mwezi mpevu wa Septemba. Mvua hazijaanza, mbu wamepungua kidogo. Ubaya wake ni maji kupungua pia, mafungu ya mchanga yamejitokeza, propela inagonga. Na ni msimu wa kuchoma majani, milima yote inafuka moshi na jua linazama likiwa jekundu kama limechemshwa na mawese. Huu wa mwisho sijui kama ni ubaya.

Kuna jambo la saa ambalo wageni kutoka Dar es Salaam hawalijui. Sisi watu wa Kigoma tunatumia saa za kwao na jua la kwetu. Jua linatufikia zaidi ya nusu saa baada ya kuwafikia wao. Saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa Kiswahili inatakiwa iwe mapambazuko, huku bado ni giza la kutafutia viatu. Jua linatoka karibu saa moja na kuzama karibu saa moja, na likizama halikawii. Kwa hiyo tunaondoka saa sita mchana baada ya kula, tunafika saa nane au saa tisa hata tukikwama, na tuna jioni ndefu ya mwanga ya kupika, kufunga kamba na kugombana. Asubuhi hakuna kuondoka kabla ya saa mbili. Wenye njia ya usiku wawe wamekwisha kurudi majini na kutulia.

Kisha nilifanya jaribio la pili, ambalo Mjomba aliliita mchezo. Nililala usiku mmoja ndani ya boti ikiwa imefungwa palepale mwaloni, hatua thelathini kutoka jikoni kwake. Nilitaka kujua mwili wangu utasemaje. Mwili ulisema mengi. Chandarua kilichotundikwa kwenye kasia kinalala usoni, na mbu anakung'ata kupitia matundu. Umande wa mtoni ni mvua iliyokosa ujasiri. Kufika saa nane usiku shuka ilikuwa inakamulika. Saa tisa nilisikia baridi mgongoni nikadhani ni umande huohuo, kumbe boti inavuja. Boti ya mbao iliyokaa juani inakauka, mbao zinaachana, na lazima ikae majini siku kadhaa zivimbe zikumbatiane tena. Mjomba alijua. Hakuniambia. Alikuwa macho barazani na redio yake akinisubiri niite, na nilipoita alikuja na kopo la kukumba maji likiwa tayari mkononi.

Jambo jingine ambalo wanaume wa kwenye video hawalisemi ni haja. Mwanamke hawezi kusimama ukingoni mwa boti. Ndoo yenye kifuniko, kanga mbili, na makubaliano ya nani anageukia upande gani. Nimeliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa na sioni haya.

Kwa hiyo kulala ndani ya boti kumefutwa, kwa sasa. Nimekubali nchi kavu. Nasema kwa sasa.

Chakula sitakieleza sana. Unga wa muhogo, maharage yaliyochemshwa nyumbani, migebuka iliyobanikwa, majani ya chai, maji ya kunywa lita 20 kutoka nyumbani kwa sababu sitaki kuchemsha mto. Mayai yamefutwa pia baada ya majaribio. Vyombo tunaosha kwa ndoo yenye kamba, unachota ukiwa umesimama juu na nyuma, huinami majini jioni. Na hakuna kuingia kwenye maji yaliyotuama penye majani kujipoza miguu, kichocho kipo na dawa yake inachefua.

Kuhusu maboya ya kuvaa tuligombana kweli. TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, wanataka kila aliyemo alivae, na mimi nilinunua matatu. Mjomba ameogelea tangu kabla ya uhuru wa baadhi ya nchi jirani, na lake alilifanya mto wa kukalia. Nikamwambia asipovaa siendi. Akaniambia nisipokwenda yeye atalala kitandani kwake vizuri tu. Tulikaa kimya muda. Mwishowe alivaa, akakaa nyuma kwenye mashine ametoa kifua kama bwana harusi aliyelazimishwa suti, na alipopita mbele ya wenzake mwaloni walimpigia vigelegele.

Wazungu wana desturi ya kuandika karatasi kabla ya safari ya boti na kumwachia mtu: nani yumo, wanakwenda wapi, watarudi lini, wakichelewa aitwe nani. Nilipoisoma desturi hiyo niliiona ngeni mpaka nilipogundua kwamba ni kuaga, kuaga kwa kawaida kama tunavyoaga tukienda hata sokoni, ila na saa. Nimemwandikia Mama. Tusipoonekana Jumapili saa saba mchana, ampigie mwenyekiti wa kijiji, asinipigie mimi, simu yangu itakuwa haipatikani na atazidi kuogopa.

"Na nikiingiwa na wasiwasi saa tano?"

"Subiri saa saba, Mama."

"Hapo sikuahidi."

Mwenyekiti mwenyewe nilikwenda kumwona na Mjomba. Alisikiliza, akauliza kama tunapima madini. Mjomba akasema hapana. Akauliza kama tunanunua ardhi. Hapana. Akaandika kitu kwenye daftari lake, ambalo nililionea wivu kwa sababu lilikuwa na jalada gumu, na akasema atamwambia mgambo kwamba taa ya Jumamosi ni yetu.

Mahali penyewe ni shamba la mzee mmoja upande wa kulia ukipanda. Ukingo uko juu, wima, na umechongwa ngazi za udongo kushukia mtumbwi wake. Juu kuna mihogo, migomba, michikichi michache, kibanda anacholala msimu wa kulinda nguruwe pori. Siku ya majaribio tulipanda zile ngazi na Mjomba akaanza kusalimia kabla kichwa chake hakijafika juu, salamu ya Kiha yenye makofi, ya pole pole, habari za nyumba, za mke, za watoto, za mashamba, mzee akijibu kwa makofi yake. Kiha changu ni cha kusikia nusu. Nilisikia jina la mama yangu, nikasikia neno mto, nikasikia neno kulala. Mzee akaacha kupiga makofi.

Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa upole kabisa, "Kwenu vitanda vimeisha?"

Nikamweleza. Sijui nilieleza nini, nilisema kuhusu kimya, kuhusu duka, kuhusu kuufuata mto niliouvuka tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuonyesha mahali pa hema, kati ya kibanda na mgomba wa tatu, umbali ambao mtu akikohoa anasikika. Nikauliza kama tunaweza kusogea kidogo, kule mwisho wa shamba penye kona, ambako huoni kibanda. Mjomba akanitazama. Mzee akafikiri, akasema tunaweza kusogea mpaka mgomba wa sita.

Tulipoanza kushuka ngazi aliniita. Alitaka tumletee kilo mbili za sukari, betri nne za redio, zile kubwa, na chumvi. Akarudia: zile kubwa. Nikiwa ndani ya boti nilitoa daftari, nikafuta fungu la mchanga na nyota zake, nikaandika ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya petroli: sukari, betri, chumvi.

"Hongo," Mjomba akasema, akavuta kamba ya mashine.